Kijiti Nilichokifuta: Shajara ya Picha za Bahari ya Jambiani

Juni, siku mbili kabla ya mwezi mpevu

Leo nimeanza mradi ambao nimekuwa nikiuahirisha tangu mwaka jana: picha kumi na mbili za bahari ya Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, ambazo mtazamaji akiwa mbali ataona kwanza mistari, rangi na uzito, na akisogea ndipo atambue kwamba anatazama maji, mchanga na vijiti vya mashamba ya mwani. Nimeziita picha za nusu-dhahania kwa kukosa jina bora. Sitaki picha ya ufuko ya kuuzia wageni, wala sitaki doa la rangi ambalo lingeweza kupigwa popote duniani. Riziki yangu ni picha za harusi hapa mjini, ambazo kila kitu ndani yake ni lazima kitambulike, kuanzia hina ya bibi harusi hadi uso wa shangazi aliyeketi safu ya nyuma, na huenda ndiyo sababu nimetamani kazi ambayo kutambulika kunaweza kusubiri kidogo.

Tatizo la kwanza limenikuta kabla sijafungua mkoba wa kamera, nalo ni tatizo la saa. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Siku za bamvua, mwezi unapokuwa mpevu au unapoandama, bahari ya Unguja hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na alasiri, na hukupwa kabisa mnamo saa nne, asubuhi na usiku, na tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Maana yake ni kwamba jua linapochomoza, mnamo saa kumi na mbili na nusu kwa mwezi huu, maji bado yamefunika mashamba, na vijiti vinapobaki wazi kabisa mwanga umekwisha kuwa mkali na hauna kivuli cha kusaidia. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka: maji hukupwa karibu na alfajiri, lakini hayaendi mbali vya kutosha kuufunua mchanga. Mwanga mzuri na maji ya kupwa, kwa hiyo, ni kama jirani wawili wasiosalimiana.

Njia niliyoiona ni kuja siku mbili tatu kabla ya bamvua lenyewe, ambapo maji hukupwa mnamo saa mbili na nusu na jua bado limelala upande. Njia ya pili ni kutegemea mawingu ya kusi, upepo wa kusini, ambayo katika miezi hii hupita kwa wingi na kulainisha hata mwanga wa saa nne. Leo nimepata vyote viwili kwa muda wa nusu saa. Nimepiga picha 212, nyingi kwa lenzi ya milimita 70 hadi 200, kwa sababu lenzi ndefu huyaondoa mambo ya mbele na kuyabana yaliyo mbali, hata mchanga mweupe, nyasi za bahari zenye rangi nyeusi, maji ya kijani na mstari wa povu kwenye mwamba vikakaa juu ya kimoja na kingine kama matabaka.

Juni, kikao cha kwanza

Tumekubaliana kukutana watu wanne kila baada ya bamvua, nyumbani kwa mpiga picha mmoja mstaafu wa magazeti ambaye sote tunamwita Mwalimu. Wengine ni dada mmoja anayebuni nakshi za vitambaa na kijana anayechapisha mabango. Sheria ya kikao ni ya Mwalimu: mwenye picha hukaa kimya dakika kumi za mwanzo, na wengine husema tu kile ambacho jicho lao limekiona, lilipoanzia, lilipopita na lilipokwama. Ushauri wa kurekebisha hausemwi mpaka zamu hiyo iishe. Nilidhani sheria hii ni ya kulinda nyoyo. Baadaye nimeona kwamba inamlinda zaidi mwenye picha dhidi ya haraka yake mwenyewe ya kujitetea.

Nilipeleka picha nane, zote nimezipiga kwa kuizungusha kamera taratibu kutoka kushoto kwenda kulia huku shata, kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, ikiwa wazi kwa nusu sekunde, mbinu inayoyavuta matabaka yawe mistari laini isiyo na ncha. Nilizipenda sana. Wakazitazama kwa muda mrefu, kisha dada wa vitambaa akasema kwa upole, "Kaka, umetupigia vikoi."

Walicheka, nami nikacheka kwa kuchelewa. Lakini alipoendelea sikuwa na jibu. Alisema kwamba mistari ya kikoi ina kazi, kwani hutangulia na kuupeleka mkono kwenye pindo, wakati mistari yangu haiendi popote, na kwamba jicho lake liliingia katika kila picha kupitia rangi ya kijani, likateleza hadi ukingoni, likatoka nje. Kijana wa mabango aliongeza kwamba angeweza kuzipindua juu chini na mteja asigundue. Alizipindua. Ni kweli, isipokuwa moja, ambayo mstari wa povu ulikuwa na pengo dogo pale maji yanapopita kwenye mlango wa mwamba, na pengo lile liliikataa ile hali ya kupinduliwa.

Nimeandika katika daftari: ukungu si dhahania. Nilikuwa nimeondoa kila kitu na kudhani kwamba kuondoa ndiko kutunga. Ile picha ya pengo, ambayo karibu niiache nyumbani, ndiyo pekee niliyokuwa nimebakiza kitu ndani yake.

Julai, mwezi mwandamo

Nimeiweka mbinu ya kuzungusha kamera pembeni na kurudi kwenye stendi ya miguu mitatu, nikitaka bahari yenyewe ndiyo isogee. Kusi linavuma kutoka kusini-mashariki, yaani usoni kabisa mwa mtu anayeelekea baharini Jambiani, na stendi yangu nyepesi ilikuwa ikitetemeka hadi nilipoitundikia mfuko wa mchanga. Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba maji yanaporudi nyuma huchimba mchanga chini ya miguu ya stendi. Ni lazima niikandamize kwa nguvu kabla ya kulenga, la sivyo picha ya sekunde kadhaa hutoka na mstari wa upeo ulioinama.

Nimejaribu filta mbili za kupunguza mwanga. Kila hatua huukata mwanga nusu, hivyo ile ya hatua 10 hupunguza mwanga mara 1,024, kwa hiyo picha ambayo ingehitaji sehemu ya 30 ya sekunde huhitaji sekunde 34. Nilihesabu mawimbi madogo yaliyokuwa yakifika miguuni pangu, likaja moja kila baada ya sekunde tatu au nne. Katika sekunde 34, kwa hiyo, kamera inajumlisha takriban mawimbi kumi na kutoa wastani wake, na wastani wa mawimbi kumi ni uji. Bahari ya namna hiyo huonekana tulivu hata siku ambayo mtu asingethubutu kushusha ngalawa, na huo, kwa maoni yangu, ni uongo unaopendeza.

Filta ya hatua 6, inayopunguza mwanga mara 64, imenifaa zaidi. Imeniwezesha kufika robo ya sekunde hadi nusu sekunde katika mwanga wa saa mbili na nusu, na huo ndio muda ambao maji yanayorudi baharini huchora nyuzi nyeupe juu ya mchanga bila kuyeyuka. Nyuzi zile zina mwelekeo. Mtu anayezitazama anajua maji yanakwenda wapi, hata kama hajui bado kwamba ni maji. Nimebonyeza shata kila mara wimbi lilipokwisha kufika mwisho wake na kuanza kurudi, kwa sababu wimbi linalokuja hutoa povu lisilo na umbo. Picha 140, nimebakiza sita.

Julai, kikao cha pili

Safari hii ubishi ulikuwa juu ya mstari wa upeo. Nilikuwa nimeuweka katikati kabisa katika picha tatu, na kijana wa mabango alisema mara moja kwamba mstari wa upeo hauwekwi katikati, kwani ndivyo alivyofundishwa. Zamu yangu ya kusema ilipofika nilimtaja Hiroshi Sugimoto, mpiga picha wa Kijapani ambaye tangu mwaka 1980 amekuwa akipiga bahari mbalimbali za dunia kwa kamera kubwa ya filamu, nyeusi na nyeupe, na upeo ukigawa picha nusu kwa nusu. Nilijiona nimeshinda.

Mwalimu hakukataa mfano huo. Aliuliza tu, nusu ya juu ya picha yangu ina nini. Anga langu lilikuwa jeupe lisilo na daraja yoyote ya mwanga, na nusu ya chini ilikuwa na nyuzi za maji, mchanga na vivuli. Katika picha za Sugimoto, alisema, anga na maji vinapimana kama vibaba viwili kwenye mizani, ndiyo maana katikati pana nguvu. Katika zangu kibaba kimoja kilikuwa kitupu, kwa hiyo mstari ulionekana umewekwa na mtu asiyeweza kuamua. Kumbe kanuni ya kijana ilikuwa na kasoro, lakini jicho lake lilikuwa sahihi: kulikuwa na kitu kibaya pale pale alipoonyesha kidole. Tangu siku hiyo nimeanza kutenganisha mambo mawili katika kila uhakiki, mahali anapoumia mtazamaji na dawa anayoiandika. Mahali huwa karibu kila mara pa kweli. Dawa naitafuta mwenyewe.

Kwa upande wa anga jeupe, nimefikiria kuunganisha picha mbili, moja iliyopimwa kwa anga na nyingine kwa maji. Si hila mpya hata kidogo. Gustave Le Gray alifanya hivyo Ufaransa katika miaka ya 1850, kwa sababu vioo vya kupigia picha vya wakati ule viliathirika mno na mwanga wa buluu, hata anga likaungua kabla bahari haijaonekana, naye akawa anachapisha anga kutoka kioo kimoja na bahari kutoka kingine, akivikutanisha kwenye upeo. Lakini kamera yangu hubeba yote mawili bila shida siku ya mawingu. Anga langu lilikuwa jeupe kwa sababu nilipima mwanga kwa uzembe, basi.

Kingine kilichoonekana kikaoni ni mwinamo. Katika picha yenye upana wa pikseli 6,000, mwinamo wa nyuzi 1 tu huushusha upeo kwa zaidi ya pikseli 100 kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Katika picha ya harusi hakuna atakayeona. Katika picha ambayo mstari huo ni theluthi ya kila kilichomo, wote wanne tuliona kabla hatujaketi.

Agosti, mara mbili shambani

Nimehamia kwenye vijiti. Mashamba ya mwani yalianza katika vijiji vya Paje na Jambiani mwishoni mwa miaka ya 1980, na sehemu kubwa ya kazi yake hufanywa na wanawake: kamba hufungwa kati ya vijiti viwili vilivyokitwa mchangani, na vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba hiyo vikue ndani ya maji ya kina kifupi. Maji yakiwa yamepwa nusu, vijiti husimama katika safu na kila kimoja hujirudia chini yake kwenye maji, kikawa mstari mmoja uliovunjika katikati. Hapa nimepata nilichokuwa nakitafuta tangu Juni bila kukijua jina, kitu kidogo cha kweli ambacho jicho linaweza kukishika huku sehemu nyingine zote za picha zikibaki rangi na nafasi tupu.

Picha niliyoipenda kuliko zote ina vijiti vinne upande wa kushoto, kamba inayotoka kwenye kijiti cha nne kwenda kulia ikizama na kuibuka, na maji ya rangi ya risasi mpaka mwisho. Upande wa kulia kabisa kulikuwa na kijiti cha tano, kimeinama, kimekatwa nusu na ukingo. Kilinikera. Usiku ule nilikifuta kwenye kompyuta, kazi ya dakika mbili, na picha ikawa safi.

Siku ya pili nilirudi na nakala ndogo za karatasi, nikamwamkia bibi mmoja aliyekuwa akipumzika kwenye kivuli cha mkungu baada ya kutoka majini, nikamwomba atazame, kwa kuwa baadhi ya vijiti vile ni vyake na nilitaka ajue nafanya nini pale kila asubuhi. Alizipitia haraka haraka kama mtu anayehesabu noti. Alipofika kwenye ile niliyoipenda alisimama.

"Kamba hii imefungwa wapi, mwanangu?"

Nikamwonyesha kijiti cha nne. "Huku nimeona," akasema, "na huku je?" Kidole chake kilikuwa upande wa kulia, pale pale. Nilijaribu kueleza kwamba kamba inaendelea nje ya picha, lakini hakuridhika, kwa kuwa kamba ile, alisema, imekaza, inanyanyuka kutoka majini karibu na ukingo, na kamba hainyanyuki isipokuwa kuna kitu kinachoinyanyua. Ikabidi nikiri kwamba kulikuwa na kijiti nami nimekifuta. Hakunilaumu. Aliuliza tu kama hizo kamera zinaruhusu, akacheka, kisha akanieleza kwamba kijiti kile kimeinama kwa sababu sehemu ile imeachwa. Shamba limesogezwa kwenye maji ya kina zaidi kwa kuwa maji ya ukingoni siku hizi hupata joto na mwani hupauka na kukatika.

Katika miezi mitatu hakuna mhakiki aliyeisoma picha yangu kwa undani kiasi kile. Mimi nilikiona kijiti kama kasoro ya utunzi. Yeye alikiona kama sababu ya kila kilichomo. Wala hakuhitaji kujua neno dhahania ili aone kwamba mstari wangu umepoteza nguvu, kwani mvuto wa kamba ile ulitoka kwenye kile nilichokitoa. Nimejiwekea sharti kwamba katika mradi huu sitafuta kitu. Kisichofaa nitakiacha nje kwa kusogeza miguu yangu, kubadili urefu wa lenzi au kusubiri maji yakifunike.

Septemba, kikao cha tatu

Nilipeleka kumi na moja. Sita zilipita bila maneno mengi. Moja, ambayo wanaume wote tuliipenda, inaonyesha mstari mweupe wa mwamba na, mbali sana, mtu mmoja aliyeinama kutafuta pweza, mdogo kama nukta ya wino. Dada wa vitambaa alikaa kimya hadi dakika kumi zikaisha, kisha akasema kwamba haoni tatizo la utunzi, nukta iko mahali pake hasa, na kwamba hilo ndilo linalomsumbua: mtu anayetafuta kitoweo amefanywa kuwa alama ya kusawazisha picha, na hajui. Mwalimu alimpinga, akisema picha za magazeti zimejaa watu wadogo katika mandhari kubwa na hakuna aliyedhulumiwa. Mjadala ulikwenda hadi chai ikapoa.

Sikubaliani na dada moja kwa moja. Mtu katika picha ile hatambuliki, na bahari ile ndiyo mahali pake pa kazi kila siku ya bamvua. Hata hivyo nimeiondoa kwa sababu nyingine, ambayo pengine ndiyo aliyokuwa akiizunguka: mtu, hata akiwa nukta, humeza picha nzima. Jicho linamkimbilia, linaanza kumsimulia, na matabaka niliyoyapanga kwa uangalifu yanageuka kuwa pazia la nyuma. Kijiti kinashika jicho na kuliachilia, mtu haliachilii.

Tulijaribu pia kuzigeuza mbili ziwe nyeusi na nyeupe. Moja imefaulu. Nyingine imekufa mara moja, kwa sababu kijani cha maji na buluu ya anga, ambavyo katika rangi vinatofautiana kabisa, vilikuwa na uangavu ule ule, na vilipopoteza rangi vikawa kijivu kimoja na upeo ukatoweka. Sasa, kabla sijaondoka ufukweni, naitazama kila picha kwenye kioo cha kamera kwa kijivu angalau mara moja, hata ile ambayo itabaki na rangi.

Septemba, karakana ya kuchapishia

Kijana wa mabango amenichapishia majaribio manne kwa ukubwa wa sentimita 40 kwa 60. Karatasi ya kung'aa imekataliwa na sote, kwa kuwa taa za chumbani ziliongeza mng'ao juu ya mng'ao wa maji na mtu hakuweza kujua upi ni wa bahari. Karatasi isiyong'aa imeleta weusi hafifu kidogo, lakini mchanga unaonekana kama mchanga. Ukubwa nao umefichua mambo: picha mbili zilizokuwa na nguvu kwenye kioo cha simu zimekuwa tupu, na moja niliyoidharau imepata pumzi.

Ile ya kijiti nimeirudia kutoka kwenye faili ghafi, yaani picha kama ilivyotoka kwenye kamera, ambako kijiti cha tano bado kipo. Kukirudisha tu hakukutosha, maana bado kilikuwa kimekatwa nusu na ukingo, na kamba iliyokaza ilikuwa ikielekea kwenye kitu ambacho hakionekani chote. Nimejaribu kukata upande wa kushoto ili uzito uhamie kulia. Vijiti vinne vikawa viwili na ule mwendo wa safu ukapotea. Hakuna ukataji utakaoiokoa. Ilipaswa kupigwa nikiwa nimesogea hatua mbili kulia, na siku ile nilikuwa na nafasi tele ya kusogea.

Hesabu ya leo ni picha nane zilizokubalika, mbili zenye ubishi, na mbili ambazo hazijapigwa. Bibi ameniambia kwamba wataanza kung'oa vijiti vya sehemu iliyoachwa ili wakavikite upya kule kwenye kina, ila hakusema lini. Mwezi utakuwa mpevu wiki ijayo, na siku mbili kabla yake maji yatakupwa mnamo saa mbili na nusu asubuhi. Nimekwisha mwambia bwana harusi wa Jumamosi kwamba nitafika saa nane mchana, si saa nne.